Siafu Kwenye Machela

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza na Kaka amehamia kwangu, vyote viwili leo, na vyote viwili bila kunipigia simu kwanza. Asubuhi nilifungua mlango nikamkuta amesimama na begi la nguo, masanduku mawili ya vyombo vyake vya kupimia ardhi, na kile kitabu kinene cha kanuni za mchezo amekifunga ndani ya nailoni kisilowe. Begi lilikuwa linachuruzika. Kitabu kilikuwa kikavu kabisa.

"Wiki moja tu," alisema. "Mpaka wifi yako atulie."

Hakusema kwamba wifi amemtoa nyumbani, ila mimi si mtoto. Miaka minane ya ndoa, halafu mtu unamtoa mume kwenye mvua kama paka aliyeiba samaki. Nimemkasirikia wifi mpaka mikono inaniwasha.

Saa tisa tulicheza kama Jumamosi zote, ila safari hii kwenye meza yangu ya kulia. Dokta alikuja, Karani alikuja, kiti cha wifi kikabaki kitupu, na hakuna aliyeuliza. Funika kombe mwanaharamu apite. Kaka akafungua kitabu, na kabla hatujatupa hata dadu moja akasimulia kwamba tukiwa tumelala kambini, ndani ya mchezo, mchawi wa upande wa adui alimjia Siafu, yule ambaye wifi humchezesha, akamlaza Usingizi wa Jiwe. Hawezi kuamka, hawezi kuzeeka, hawezi kuumia.

"Mtambeba kwenye machela," Kaka alisema. "Mpaka aamke."

Jumatatu, 9 Machi

Silali vizuri. Jumamosi Dokta aliniambia badala ya kuzunguka nyumba niwe naandika. Dokta ni wa ng'ombe, lakini ushauri wake ni wa bure.

Jumanne, 10 Machi

Mwenzangu wa karakana ya meno ya bandia, yule anayemimina plasta, ameniuliza kwa nini Jumamosi sipatikani hata kwa harusi. Nikamweleza huku nachonga nta ya fizi za mteja. Mmoja wetu ni mwenye meza: yeye anasimulia nchi nzima, na milima yake, na wafalme wake, na hali yake ya hewa. Huyo ni Kaka. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi hiyo na anamwamulia la kufanya, na jambo likiwa gumu tunatupa dadu. Mimi nina Pilipili, mchawi. Karani wa mahakama ana askari anaitwa Panga. Dokta ana mganga mnene anaitwa Jitu. Wifi ana Siafu, mwizi mdogo mwenye uchawi kidogo na mdomo mwingi. Na desturi moja haijawahi kuvunjwa pale mezani: hakuna anayesema kwa niaba ya mtu wa mwenzake. Siafu anaongea wifi akiongea, basi.

Raha yenyewe iko kwenye kuunganisha uchawi. Kitabu kina uchawi chungu nzima, na kila mmoja umeandikwa peke yake. Aliyeuandika hakukaa akafikiri mtu akiushika huu kwa mkono wa kulia na ule kwa mkono wa kushoto itakuwaje. Hapo ndipo penye mianya, na wifi alikuwa bingwa wa mianya. Aliwahi kuvusha farasi mtoni ndani ya mfuko wa koti, na kila hatua ilikuwa halali.

"Na umri wako huo," mwenzangu alisema.

Nikamwambia kuna watu wa umri wangu wanaogombana kwa sababu ya mpira na hakuna anayewahoji.

Jumamosi, 14 Machi

Kazi ya mianya imeniangukia mimi. Leo majitu matatu yalituzibia njia ya bonde, na sisi tuna machela mikononi, hatuwezi kukimbia wala kupigana. Nikaona: Ukungu ni uchawi wa kushusha wingu zito. Pumzi ya Barafu inagandisha maji yote yaliyo mbele yako. Nikauliza wingu ni nini kama si maji. Nikashusha ukungu juu ya majitu, nikaugandisha, na yale majitu yakabaki yamesimama ndani ya barafu kama meno ndani ya plasta. Karani alipiga meza. Hata Kaka alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake tangu afike.

Usingizi unanijia mapema, jambo la kuandikwa.

Jumanne, 17 Machi

Kaka, akiwa na uji mdomoni: "Tangu leo, ukungu haugandi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema amefikiria, na hewa yenye unyevu si maji. Nikamwambia Jumamosi ilikuwa maji. Akasema Jumamosi imepita.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Masanduku ya Kaka yapo koridoni na nimeyagonga kwa kidole kilekile mara ya pili. Mvua ikinyesha hakuna ardhi inayopimwa, kwa hiyo yuko nyumbani mchana kutwa, na anapima nyumba yangu.

Jumamosi, 21 Machi

Leo daraja. Askari wa adui wamejaa upande wa pili, na kiongozi wao amesimama katikati ya daraja. Kuna uchawi unaitwa Kivuli Kizito: unamchagua mtu, kivuli chake kinakuwa na uzito wa chuma, hawezi kusogea. Mimi nikawasha Mwanga, lakini nikauweka chini kabisa, nyuma ya yule kiongozi, karibu na visigino vyake. Mtu akimulikwa kwa chini, kivuli kinakwenda wapi? Kinarefuka. Kikalala juu ya daraja zima. Ndipo nikakifanya kizito.

Daraja lilikatika. Dokta alicheka mpaka akavua miwani.

Kaka hakucheka. Alipekua kitabu mbele na nyuma, akasema, "Sawa. Kwa leo."

Jumatatu, 23 Machi

"Tangu leo, kivuli kinamlemea mwenye nacho tu. Kitu kingine hakikioni."

Nilijua itakuja. Tangu jana nilikuwa naisubiri, nasafisha jiko lisilo na uchafu.

Alhamisi, 26 Machi

Tulikubaliana zamu za kupika. Siku yake anapika uji mzito unaokwama kooni, kwa hiyo siku yake mimi hununua mkate nikirudi kazini. Leo: "Tangu leo, siku yangu ni siku ya kula nilichopika." Nyumba ni yangu, kodi nalipa mimi, na nilikula uji.

Halafu nikakaa chumbani nikiwa nimeshika tama, nikikumbuka jinsi wifi alivyokuwa akiwekewa "tangu leo" kila baada ya Jumamosi yake nzuri, na sisi wengine tukicheka na kusema mwenye meza ameamua. Yule farasi wa mfukoni aliishi wiki moja tu. Mkuki kwa nguruwe.

Jumamosi, 28 Machi

Tumebeba machela kupanda mlima. Hakuna kingine kilichotokea.

Jumatano, 1 Aprili

Nimekwenda kumwona wifi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, makali yote, na nikafika nayo yakiwa bado ya moto.

Yeye anafundisha udereva. Nilimkuta kwenye uwanja wa mazoezi, amekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki yake ya ziada, mwanafunzi anarudi nyuma kati ya mapipa mawili huku mvua inapiga kioo. Aliponiona akamwambia mwanafunzi azime gari na akapumzike ofisini. Nikaingia nyuma ya usukani kwa sababu ndicho kiti kilichokuwa wazi.

"Wifi," alisema.

"Wifi. Umemtoa kaka yangu kwenye mvua."

"Nilimwambia Februari, kulikuwa na jua. Akasema tangu leo hatutaongelea jambo hilo."

Maneno yangu makali yote yakanipotea. Nilishika usukani kama ninayekwenda mahali.

Akaniuliza habari za kazi, nikamjibu. Akauliza kama Dokta bado anakula karanga zote, nikasema bado. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia jirani, "Na Siafu anaendeleaje?"

"Amelala. Usingizi wa Jiwe. Tunambeba."

"Nani kanilaza?"

"Mchawi. Usiku."

"Mchawi yupi?"

"Hakutajwa."

Alicheka sana, akajifuta macho, na alipomaliza kujifuta hakuwa anacheka tena. "Kwa hiyo mimi nimelala, na yeye ananitembeza nchi nzima."

Akaniambia amempigia Kaka simu na hapokei. Hataki ugomvi, hataki wazee, hataki kurudishiwa vyombo. Anataka wakae, aseme lake, apewe jibu. "Jibu moja, wifi. Liwe lolote."

Nilirudi kwa miguu na mvua ikanilowesha. Kaka alikuwa dirishani. Aliniuliza nimetoka wapi, nikasema sokoni, akaangalia mikono yangu mitupu na hakuuliza zaidi.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimemuuliza Kaka kwa nini hapokei simu za mkewe. Akasema, "Siafu akiamka, mambo yatakuwa sawa."

Nikamwambia Siafu analala kwa sababu yeye kamlaza.

"Ningefanya nini? Nimuue? Ningemuua, ningekuwa nimesema hatarudi. Ningemwacha aondoke, ndiyo hivyo hivyo." Alisema hayo akiwa anafuta lenzi ya chombo cha kupimia ambacho hakijatoka nje mwezi mzima. Nilimwonea huruma na nilitaka kumrushia kitambaa usoni, yote mawili kwa pamoja.

Jumanne, 7 Aprili

Meno sita ya juu ya mzee mmoja yamekaa vizuri mara ya kwanza. Mengine yote leo hayakukaa.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo meza imevunjika, au karibu.

Tulikuwa kwenye kijiji, ndani ya mchezo, na Karani akatoa wazo la maana kabisa. Akasema Siafu aachwe kwa mama mmoja wa pale, mwenye nyumba ya mawe, atunzwe, nasi tukimaliza kazi kwa mfalme tutarudi kumchukua. "Mgongo unaniuma," alisema, "na nimekaa kwenye kiti."

"Yule mama hana nafasi," Kaka alisema.

"Basi jirani yake."

"Jirani ni mgonjwa."

"Tumwache pangoni, haumii, hazeeki, si umesema?"

"Pango limejaa maji."

"Jana lilikuwa kavu."

"Mvua imenyesha," Kaka alisema, na kweli nje ilikuwa inanyesha, inapiga mabati ya jirani mpaka tukawa tunapaza sauti.

Mimi nikaingilia. Nikasema nina Kivuli Kizito na nina Mlango wa Ukutani, na nikaanza kueleza jinsi ya kumweka Siafu salama ndani ya ukuta wenyewe. Sikumaliza sentensi. "Tangu leo," Kaka akasema, "hakuna uchawi unaoigusa machela."

Wala hakusubiri Jumatatu. Ndicho kilichonipandisha hasira. Nikamwambia hiyo si kanuni, ni kufuli. Nikamwambia tumekuwa tukicheza wiki zote hizi mchezo ambao hauna njia ya kushinda wala ya kushindwa, tunatembea tu na mzigo wake. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Sikupaswa kusema hilo la mwisho mbele za watu, lakini nililisema.

Kaka akafunga kitabu. Hakukibamiza, alikifunga polepole, akaingia bafuni akafungulia maji.

Karani akavaa koti lake akisema ana mashauri ya kuandika, na leo ni Jumamosi, mahakama imefungwa. Dokta alibaki mlangoni, akaniambia chini chini, "Ng'ombe akianguka na hainuki, mwenye ng'ombe huwa anakaa kumshikilia kichwa. Sisi tunamwacha ashike kidogo. Kisha lazima mtu amwambie aachie."

"Nani?"

"Mimi huwa nalipwa," Dokta akasema. "Hapa sijui."

Baada ya hapo nilitembea nyumba nzima. Kutoka jikoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi masanduku. Nilitaka kaka yangu aondoke na nilitaka asiende popote akiwa hivi. Na kitu kimoja nilikijua, hakikuwa kigeni tena: hasira ile niliyoisikia, ya kuwa sahihi halafu mtu anaisogeza sheria chini ya miguu yako, ndiyo wifi alikuwa anakula nayo, analala nayo. Mimi nimeionja mwezi mmoja, na ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeupata.

Kitabu Kaka hukilalia, kwa hiyo nakisoma anapooga. Anaoga muda mrefu siku hizi. Leo nilikwenda moja kwa moja kwenye Usingizi wa Jiwe na kuusoma wote mpaka mwisho, kitu ambacho hakuna aliyekifanya, kwa sababu sote tulimwamini mwenye meza. Umeandikwa hivi: mlalaji haamshwi kwa kelele, wala maumivu, wala mwanga, wala uchawi. Halafu kuna mstari mmoja zaidi. Usingizi unakatika pale mlalaji mwenyewe atakapotamka neno.

Mtu anaweza kusema huo mstari ni wa bure. Aliyelala usingizi wa jiwe atatamkaje neno?

Ila Pilipili anao uchawi mmoja mdogo, Sauti ya Mbali, ambao tumekuwa tukiutumia kuulizana nani kaleta chumvi. Unamtumia mtu sentensi moja kichwani, popote alipo. Na chini yake imeandikwa: anayefikiwa na sauti anaweza kujibu mara moja, katika hali yoyote aliyomo.

Katika hali yoyote aliyomo. Nilisoma nikiwa nimesimama, maji ya bafuni yakakatika, nikakirudisha chini ya mto wake na kukaa kwenye kochi kama mtu anayengoja gari.

Jumamosi, 18 Aprili

Karani alirudi. Alileta karanga, akaziweka mbele ya Dokta bila kusema kitu, nikajua ameshasamehe.

Nikasubiri mpaka tulipowasha moto wa kambi, ndani ya mchezo, nikaueleza mwanya wangu. Taratibu, mstari kwa mstari. Kaka alisikiliza akiwa ameinamia meza.

"Uchawi haumwamshi," alisema.

"Simwamshi. Namsemesha. Akijibu, amejiamsha mwenyewe."

Akafungua kitabu, akasoma. Akasoma tena. Nilimwona anatafuta, kidole kinashuka ukurasa mzima. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wadogo, "Siafu hawezi kujibu. Mwenye mtu wake hayupo."

"Akiwepo?"

"Hatakuja."

"Nimeuliza akiwepo."

Hakuna aliyekula karanga. Kaka akatazama kile kiti, akasema, "Akija, sawa. Atajibu."

"Na hutabadilisha?" Dokta akauliza.

"Sitabadilisha."

Jioni akatoka kwenda kunyoa. Alirudi amependeza, na nikaanza kuogopa nilichokifanya.

Jumatano, 22 Aprili

Kwa wifi tena, garini tena, safari hii mimi kiti cha nyuma na mwanafunzi ametumwa kununua maji. Nilimweleza mwanya. Hakunikatiza hata mara moja, na nilipofika kwenye "katika hali yoyote aliyomo" akatabasamu kwa furaha kabisa, tabasamu la siku ya yule farasi.

"Mzuri," alisema. "Huo ni mzuri sana, wifi. Wa kwako?"

"Wa kwangu. Njoo Jumamosi."

Tabasamu likaisha. "Nikija ataelewa vibaya. Ataona nimerudi."

"Kwani hurudi?"

Aliangalia mapipa yale uwanjani. "Mimi nimechoka kuwa sahihi kwa siku tatu. Namaanisha kila kitu, si mchezo tu. Tunakubaliana nitafanya kazi jioni, siku ya tatu haiwezekani tena. Tunakubaliana dada yangu aje kukaa, siku ya tatu haikuwa makubaliano. Hapigi, hatukani, hatoki nje. Anabadilisha tu. Na kila mtu akiniuliza shida ni nini, sina cha kuonyesha."

Ningemwambia mvumilie, ndiyo mtu hutakiwa kusema akiwa upande wa mume. Nilifungua mdomo nikamwambia namwelewa. Ni kweli.

Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.

Jumamosi, 25 Aprili

Hakuja. Kaka alivaa shati lililopigwa pasi. Tulikaa mpaka saa kumi na moja tukizungumza bei ya dawa za kupe.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua imepungua, inanyesha kwa mafungu. Kaka hajasema "tangu leo" tangu Jumamosi ile, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji. Ananiuliza kama mlango wa mbele umekaza, wageni wasije wakashindwa kuufungua. Amepaka bawaba mafuta.

Usiku na mchana najiuliza. Nimempa tumaini ambalo si langu kulitoa. Yeye anangoja Siafu aamke arudi nyumbani. Mimi najua anayeamka ana akili zake. Nilianza kumwambia asubuhi, akaniuliza kama wifi bado anapenda chai isiyo na sukari. Nikasema ndiyo. Sikuendelea.

Alhamisi, 30 Aprili

Wifi amenitumia ujumbe: "Jumamosi nitakuja. Usimwambie chochote."

Sikumwambia. Mikono inaniwasha tena.

Jumamosi, 2 Mei

Alifika saa tisa na dakika chache, mwavuli unachuruzika, koti la shule ya udereva mwilini. Alisalimia wote, Kaka pia. Akakaa kwenye kiti chake. Karani alimsogezea madadu, Dokta karanga, na mimi chai isiyo na sukari, sote tukiwa na shughuli nyingi kama watu wa jikoni siku ya wageni.

Kaka akasimulia. Akisimulia vizuri hakuna kama yeye, hilo siwezi kumnyima. Alitupeleka kwenye nyumba ya mawe juu ya mlima, moto unawaka, upepo nje, machela imewekwa katikati ya chumba, na Siafu amelala juu yake na vumbi la safari limemkaa kwenye kope. Alisimulia zile kope kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pilipili," akaniambia. "Sauti inasema nini?"

Sentensi moja. Nilikuwa nayo tangu siku ile ya bafuni: Siafu, amka, tunakuhitaji. Nzuri, fupi, na Kaka angeipenda. Nikamwangalia wifi akizungusha kikombe kwenye meza bila kunywa, na nikaona kwamba hata hapo ningekuwa nambeba tu kutoka machela moja kwenda nyingine.

"Inasema," nikasema, "Siafu, unataka nini?"

Kaka akainua kichwa akanitazama. Wifi pia.

"Nataka kushuka," wifi alijibu.

Neno limetamkwa. Usingizi umekatika. Karani akanyoosha mgongo wake kabisa, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Umeshuka," Kaka alisema. "Umesimama. Wenzako wote wako hapa."

"Nawashukuru kwa kunibeba. Nachukua koti langu, kisu changu na mkate kidogo. Naenda mlangoni." Wifi alisema hayo kwa upole, akimtazama yeye tu. "Umefungwa?"

Hapo wote tulijua tuko wapi. Mwenye meza anaweza kuweka kufuli. Anaweza kuweka askari nje, mafuriko, dubu, pango lililojaa maji. Alikuwa na mkono juu ya kitabu, na nilimwona kabisa akiyafikiria yote, moja baada ya jingine, na kila moja likimpita usoni.

"Hapana," Kaka akasema. "Uko wazi."

"Natoka."

"Unatoka," akasema. "Kuna njia. Inateremka upande wa mashariki. Siafu anaifuata mpaka hatumwoni tena." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta, na mimi pia nililia, na Dokta alikuwa anatafuta kitu kwenye miwani yake.

Kaka akafunga kitabu. "Basi. Umeondoka kwangu na mezani."

"Siafu ameondoka," wifi alisema. "Mimi nipo hapa nakunywa chai. Nimekupigia simu miezi miwili nikuambie, sasa nakuambia mbele yao. Nataka talaka. Na nataka Jumamosi zangu. Hii meza tuliianza pamoja, na mara mojamoja nataka niishike mimi, wewe ukae huku kama watu wengine."

"Hayo mawili hayaendi pamoja."

"Imeandikwa wapi?"

Kaka akatutazama mmoja mmoja, Karani, Dokta, mimi, kana kwamba mmoja wetu angemtafutia mstari. Mimi ndiye niliyekisoma kile kitabu chote na sikuwa nao. Mvua ilianza tena, nyepesi, na hakuna aliyepaza sauti.

"Haijaandikwa popote," alisema mwishowe.

"Basi nipe jibu."

Alinyoosha kona ya jalada iliyokunjika, na nilidhani sasa hivi atasema tangu leo. Akasema ndiyo kwa la kwanza, la talaka. Ilimchukua muda kulitoa na lilitoka dogo. Kisha akakohoa, akamuuliza kama wiki ijayo angependa tuanze saa tisa au saa kumi.

Wifi akasema saa kumi.